Malkia wa Ratiba Anang'atuka: Miaka Thelathini ya Leila Kabagwira

Baada ya miaka thelathini ya kufundisha Historia katika Shule ya Sekondari ya Rusagara, hapa Gatsata jijini Kigali, ishirini na mitano kati ya hiyo akiwa mkuu wa taaluma, Mwalimu Leila Kabagwira anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Mkuu wa shule, Bwana Gasana, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, akaniomba pia nisizidishe utani. Nimejitahidi. Lakini anayemjua Prefe Leila, kama tunavyomwita mkuu wa taaluma mpaka leo kwa mazoea ya siku za Kifaransa, anajua kwamba kumwandikia kwa uso mkavu ni kumsingizia.

Alizaliwa Biryogo mwaka 1961, katika familia ya Waislamu wafanyabiashara. Babu yake mzaa baba alifika Kigali na marobota ya nguo kutoka Tabora, akaoa hapa hapa, akasahau kurudi. Kwao Kiswahili ndicho kilichowagombeza watoto na ndicho kilichowabembeleza. Mume wake ni fundi cherehani wa huko huko Biryogo, mtu mpole sana, na baadhi yetu tumekuwa tukimwonea huruma kwa miaka mingi bila sababu yoyote ya msingi.

Alipoanza kazi mwaka 1996 alifundisha kwa Kifaransa. Wafalme wa Uingereza waliingia darasani kwake wakiitwa Jean, Charles na Jacques, na hakuna aliyelalamika. Lugha ya kufundishia ilipobadilishwa kuwa Kiingereza, walimu wengi wa rika lake walihangaika, na mmoja wao alilia ofisini mbele ya watu. Prefe Leila alinunua kamusi, akajifungia likizo nzima, akarudi akitangaza kwamba wafalme wale sasa wamerudishiwa majina yao na waache kudeka.

Somo lililompa sifa mji mzima lilikuwa moja: jinsi madaraka ya wafalme wa Uingereza yalivyopunguzwa, kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka mia saba. Kila mwaka alianza na Yohana, yule aliyepewa jina la utani la Asiye na Ardhi, na kila mwaka palikuwa na mwanafunzi wa viti vya nyuma aliyeuliza swali lile lile: "Sasa Madamu, mfarume gani hana hata kiwanja? Alikuwa anapanga wapi?" Darasa liliangua kicheko, naye alicheka nao kana kwamba hajawahi kulisikia.

Kicheko kikiisha, kazi ilianza. Prefe Leila hakukubali kabisa kwamba uhuru wa Waingereza ulishuka siku moja. Mwanafunzi aliyeandika kwenye mtihani kuwa mwaka 1215 Waingereza walipata demokrasia aliambulia sifuri, pamoja na swali la wino mwekundu: wakulima walikuwa wapi siku hiyo? Alitaka waelewe kwamba Hati Kuu ya mwaka ule ilidaiwa na mabwana wenye ngome, waliochoka kukamuliwa kwa ajili ya vita vya kushindwa. Mfalme aliitia muhuri mwezi Juni, na kabla ya Agosti kwisha alikuwa amemwomba Papa aifute, ikafutwa. Ilibidi itolewe upya baada ya kifo chake, kisha upya tena.

Kutoka hapo aliwatembeza taratibu. Bunge lilipata nguvu kwa sababu mfalme alihitaji kodi, na watu walijifunza kudai kitu kabla ya kutoa. Charles wa Kwanza alijaribu kutawala miaka kumi na mmoja bila kuliita, vita vikamlazimisha, akalikuta limefura kwa hasira, na mwisho wake kila mwanafunzi wa Rusagara anaujua maana Prefe aliusimulia kwa kujipitisha kiganja shingoni. Mwaka 1689 mfalme na malkia wapya walipewa taji wakiwa wameshasomewa masharti. Hata hapo wenye kura walikuwa wachache. Mlango ulianza kupanuliwa mwaka 1832, na wanawake walikuja kupiga kura sawa na wanaume mwaka 1928. Wasichana walipofika hapo walizomea, na yeye aliwaachia wazomee mpaka watosheke.

Alipenda methali ya haba na haba hujaza kibaba, ila aliiongezea mkia wake. Kibaba hicho, alisema, kina tundu, na asiyekichungulia kila siku atakikuta kitupu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo Bwana Gasana angependa nilipitie mbio mbio. Mwalimu huyu aliyewafundisha watoto wa watu jinsi wafalme walivyowekewa mipaka, mwenyewe hakuwa na mpaka hata mmoja.

Alipokuwa mkuu wa taaluma mwaka 2001 alikabidhiwa ratiba ya masomo, na ratiba ikawa ufalme wake. Aliipanga kwenye ubao wa misumari ofisini mwake, kwa vifungo vya nguo alivyoletewa na mumewe kutoka kwenye cherehani. Kila mwalimu alikuwa kifungo cha rangi yake. Mimi nilikuwa cha kahawia chenye matundu manne, cha koti kuukuu. Hakuna aliyeulizwa kitu. Ukiingia asubuhi ukakuta kifungo chako kimehama msumari, ujue maisha yako yamehama nacho, na ukienda kulalamika utapewa kiti, chai ya tangawizi, sambusa ikiwa ni Ijumaa, na jibu la hapana. Tulimwita Malkia wa Ratiba, na alijua tunamwita hivyo.

Tuseme kweli: alikuwa hodari. Vipindi havikugongana, hakuna darasa lililokosa mwalimu, na shule za jirani zilimwomba ushauri. Ndiyo maana tulinyamaza. Mtawala akiwa anajua kazi yake, watu huona uvivu kumwuliza maswali, na sisi tulikuwa wavivu kwa zaidi ya miaka kumi.

Kilichotuamsha ni Jovia. Mwalimu Jovia wa Biolojia, aliyekulia Uganda na kuhamia Kabuga, ukingoni mwa jiji, na mama yake, alifika kwetu mwaka 2012, akapewa kifungo kidogo cha njano. Prefe aliamini kwamba Biolojia husomwa akili ikiwa mbichi, kwa hiyo kifungo cha njano kiliwekwa kipindi cha kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa. Muhula wa pili mama yake Jovia alipigwa na kiharusi. Hakuweza kujigeuza kitandani wala kushika kikombe. Wasaidizi wa mama huyo walikuwa wawili tu, Jovia na dada yake, na dada alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya Kibagabaga. Mpaka dada amalize zamu na apande basi hadi Kabuga, kipindi cha kwanza cha Gatsata kilikuwa kimekwisha.

Jovia alikwenda kuomba ahamishiwe vipindi vya baadaye. Alitoka na ladha ya tangawizi mdomoni na jibu lile lile. Prefe hakuwa na roho mbaya, nalisema hili kwa moyo wote. Yeye mwenyewe alilea watoto wanne akifundisha kipindi cha kwanza, hakuhamishiwa hata siku moja, na aliamini kwamba ukimhamisha mmoja utawahamisha wote. Lakini Jovia alikaa ofisini kwetu, akajifuta macho, akatuambia kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Basi mimi nitaacha kazi, banange. Siwezi kumwacha mama peke yake, asubuhi yote, hana wa kumpa hata maji." Alikuwa mwalimu mzuri na mshahara wake ndio uliokuwa ukinunua dawa. Kama asingetokea mtu wa kusema na ratiba ile, Jovia angeondoka mwisho wa muhula, na mama yake angekosa dawa.

Hapo ndipo alipojitokeza Armel, mwalimu wa Jiografia, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Prefe mwenyewe. Armel alisema dawa ya mfalme tumefundishwa hapa hapa shuleni. Akatukusanya, tukaingia kwa Prefe wakati wa mapumziko, kundi zima, kama mabwana wa mwaka 1215. Armel alisimama mbele akatoa hotuba ndefu, tamu, yenye tarehe zote. Sisi tulio nyuma tulikuwa tukitikisa vichwa kwa fahari, na mimi binafsi nilikuwa tayari najiona nimevaa deraya.

Prefe alimsikiliza hadi mwisho, ameegemeza kidevu mkononi. Kisha akampa maksi. Wallahi, alimpa maksi. "Saba kwa kumi," alimwambia. "Umesema vizuri walichotaka mabwana, lakini umesahau sababu. Mfalme alikubali kwa nini? Mfalme alikuwa anahitaji nini kutoka kwao? Nilikufundisha hilo kidato cha nne, mwanangu, na kidato cha nne pia ulilisahau." Akageukia ubao wake. Tulitoka nje mmoja mmoja, tumenywea.

Kosa hilo la kwenda kumpindua mwalimu wa Historia kwa jibu la mtihani ambalo halijakamilika, nadhani lingeweza kufanywa na walimu tu. Lakini Prefe naye alifanya la kwake. Malkia wa kweli angetufukuza akanyamaza. Yeye ualimu ulimzidi nguvu, akasahihisha, na kwa kusahihisha akatukabidhi ufunguo.

Maana alihitaji kitu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na masomo ya ziada kila Jumamosi, ndoto yake kubwa kuliko zote, na Jumamosi hazimo katika mkataba wa mwalimu yeyote. Tulikuwa tukija kwa hiari na kwa kumwogopa. Siku ya tatu Armel alirudi peke yake, bila tarehe hata moja, akasema kwa upole: "Prefe, Jumamosi tuko tayari kuja. Lakini tuko na ombi. Mwalimu asihamishwe bila kuulizwa, na watatu tuliowachagua sisi wakae na wewe ukipanga." Inasemekana Prefe alisema, "Sasa hiyo ni kumi," na akakubali. Kifungo cha njano kilihamia vipindi vya mchana wiki ile ile.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo, lakini Prefe angeniwekea sifuri. Kabla ya mwezi kwisha, alihamisha vipindi vya Jean-Luc wa michezo bila kumwuliza yeye wala wale watatu. Alipoulizwa alisema ilikuwa dharura. Jumamosi iliyofuata hakuna mwalimu aliyekuja. Mlinzi alitusimulia jinsi Prefe alivyohangaika peke yake kati ya madarasa ya mwaka wa mwisho, akianzisha swali huku, akikimbilia kule, viatu mkononi. Jumatatu alisimama mbele yetu wote asubuhi akasema maneno ambayo sijayasikia kwa wakubwa wengi: "Nilikubali, halafu nikavunja. Yohana naye alifanya hivyo, na miaka yote mimi ndiye ninayemcheka." Vipindi vya Jean-Luc vilirudishwa. Jumamosi tukaja wote, na mapema.

Jovia alibaki. Alimwogesha mama yake na kumlisha kila asubuhi kwa miaka mitatu, mpaka mama huyo alipofariki akiwa mikononi mwa binti yake. Msibani Prefe alifika Kabuga kabla ya majirani, akakaa jikoni akimenya viazi siku nzima. Alimwambia Jovia kwamba yeye Prefe ndiye aliyekosea, na kwamba anamshukuru Mungu hakuachiwa akosee mpaka mwisho.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa somo lake. Wale watatu wakawa kamati. Mwanzoni walioichagua walikuwa walimu wa kuajiriwa tu, na walimu wa kujitolea wakanung'unika, wakaingizwa. Kisha Mukeshimana, mpishi wetu mkuu, akauliza kwa nini watu wanapanga saa ya chakula bila kumwuliza anayekipika. Wakuu wa idara walicheka, Prefe hakucheka, na mwaka uliofuata jikoni, ulinzi na usafi walikuwa na kura. Kila hatua ilitanguliwa na mzozo, na kila hatua palikuwa na mtu aliyesema sasa tumefika, inatosha. Prefe alibaki na heshima ya kusoma ratiba mbele ya shule siku ya kufungua muhula, ratiba iliyoandikwa na wengine. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba mfalme wa Uingereza naye siku ya kufungua Bunge husoma hotuba aliyoandikiwa na mawaziri, tena akiwa amevaa taji zito, yeye angalau ana kitambaa chepesi cha kichwani.

Kuna mengi mengine. Aliasisi klabu ya midahalo ambayo imetoa mawakili na mtangazaji mmoja wa redio. Alililea jarida hili la Kiswahili lilipokuwa na wasomaji wachache kuliko waandishi. Aliwafuata nyumbani wasichana walioacha shule, mmoja hadi sokoni Kabuga, akasimama mbele ya meza ya nyanya akikataa kuondoka bila mtoto, hadi wateja wakaanza kumwunga mkono. Aliimba vibaya sana kwenye sherehe na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ngoja nimwambie leo, maana hawezi tena kunihamisha.

Lakini ninachotaka kikumbukwe kuliko vyote kilitokea mwezi Aprili mwaka huu. Mvua kubwa ilibomoa ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya jengo la chini, na madarasa yake yakafungwa. Wanafunzi walikuwa wale wale, vyumba vikapungua, na muhula ulikuwa unafunguliwa. Kamati ilikaa mchana mzima, ikakaa mchana wa pili. Idara ya Sayansi haikutaka kufundisha alasiri, walimu wa lugha hawakutaka kuchanganya madarasa, Mukeshimana hakutaka kupika mara mbili. Maneno makali yalisemwa, mengine na mimi. Tulichoka mpaka tukachukiana.

Ndipo Jovia, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati, akaweka kalamu chini. Alisema tunapoteza wakati, na kwamba yupo chumbani mtu mmoja anayeweza kumaliza kazi hii kabla ya jua kuzama. "Prefe, tupangie wewe tu. Peke yako, kama zamani. Sisi tutafuata." Akaomba kura. Mikono yote iliinuka. Wa Armel uliinuka, wa Mukeshimana uliinuka, na wangu pia, kwa haraka ambayo sijivunii. Haikuwa hila wala woga. Tulimwamini kabisa, na alikuwa amebakiza muhula mmoja tu, nani angeumia?

Prefe Leila alitutazama. Nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona anaitaka kazi ile. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kwenye vikao vyetu akiona tunafanya kwa siku mbili jambo ambalo yeye angelifanya kwa chai moja, na vidole vyake vilikuwa tayari vinahesabu vyumba juu ya meza. Sasa ufalme wote ulirudishwa mbele yake, bila vita, na walioupigania wenyewe.

Alivuta vidole vyake akavificha chini ya mtandio. "Hapana, wanangu," alisema. "Leo mnanipa kwa sababu mnanipenda na mmechoka. Kesho atakaa mwingine hapa, mtampa kwa sababu mnamwogopa na mmechoka. Na hamtaweza kumkatalia, maana atasema mbona Leila mlimpa." Kisha akamwambia Jovia aokote kalamu, akamwambia Mukeshimana aeleze tena habari ya kupika mara mbili, polepole, na safari hii tumsikilize.

Tulimaliza mchana wa tatu. Ratiba iliyotoka ni mbaya, nayo ipo ukutani mpaka leo kwa anayetaka kuhakikisha. Jumatano ina shimo, watu wa Sayansi wanafundisha alasiri wakisinzia, na mimi ninavuka uwanja mara nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu. Prefe angepanga nzuri zaidi, anajua na tunajua. Siku ya kufungua muhula aliisoma mbele ya shule nzima, yote, na shimo lake, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kizuri.

Mwalimu Leila, Prefe wetu, mama yetu, asante. Umetufundisha kukukatalia, na tulipotaka kuacha ukatukatalia wewe. Septemba tutakaa bila wewe, tutagombana, na mmoja wetu atachoka na kusema tumwachie fulani aamue. Tunakuahidi hapa, kwa maandishi, mbele ya kila asomaye jarida hili, kwamba tutamsikiliza mtu huyo kwa adabu, tutamwagizia chai, na tutaendelea na kikao. Nenda kapumzike Biryogo, mwenyewe na mzee wako, Mungu akupe afya, wajukuu wengi na asubuhi ndefu ambazo hakuna mtu aliyekupangia.

Kabera Deogratias, Idara ya Kiswahili, kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote wa Rusagara